Mtoto Kwenye Mkono wa Kushoto

Monasteri ya Altenrain
Jumanne ya Pasaka, 13 Aprili 2004

Mdogo wangu Burgi,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua ukifika hapo unabinua mdomo. Binua tu, mimi ndivyo ninavyoanza barua.

Kwaresima imekwisha na kalamu yangu imefunguliwa. Siku zote hizi nilikuwa nikikuandikia kichwani, hasa nikiwa na koleo mkononi, nikiunga shanga zako kwenye waya. Zile ulizoleta kabla ya Jumatano ya Majivu zimekwisha zote. Sista wa dukani anasema Jumatatu ya Pasaka mahujaji walizigombania, na kuna mzee mmoja aliibusu rozari yake palepale kaunta, halafu akaona aibu akajifanya anapiga chafya.

Sasa nisaidie. Juzi Mama Abesi alinikamata bustanini akaniuliza unavyochora uso mdogo namna ile kwenye kila punje, na nyuso zote zikafanana. Nikamwambia huchori. Akauliza, basi anafanyaje? Nikabaki nimemtolea macho kama ng'ombe aliyesikia kengele. Umri wote huu nazishika shanga zako na sijui zinatoka wapi. Nieleze, lakini polepole, mimi si mwepesi kama wewe.

Na utakuja lini kwenye dirisha letu la wageni? Mwambie shemeji Quirin aoke ile keki ya mbegu za mpopi. Nikikaa upande wangu wa nondo namwona mkono tu, unasukuma sahani, kisha unarudi haraka kama umeiba. Mje wote wawili.

Dada yako Zenzi,
ambaye humu ndani wanamwita Sista Irmengard

*

Ellersried, 22 Aprili 2004

Dada Zenzi,

Haya, tumsifu. Umeridhika?

Mwambie Mama Abesi hivi. Udongo wangu si ule wa mfinyanzi. Ni udongo wa plastiki, laini kama donge la mkate, una rangi zote, na unaiva kwenye oveni yangu ya kawaida, hii ya keki. Hapo Quirin hapendi kusikia. Kwanza natengeneza fito. Ufito wa rangi ya ngozi ndio uso, vifito viwili vyeusi ndio macho, bapa la buluu ndilo joho. Navipanga na kuvibana pamoja kama mzigo wa kuni, mpaka ukiutazama mzigo kwa ncha unamwona Mama wa Chemchemi na Mtoto wake, kama alivyo pale kanisani kwetu. Hapo mzigo umekuwa mche mmoja, una unene wa paja la Quirin. Kisha nauminya, nauvuta, nauminya, nauvuta. Unarefuka na kukonda, na sura iliyo ndani inapungua pamoja nao, haiharibiki. Ukifika unene wa kidole naukata kwa wembe, vipande vyembamba kabisa, kama mtu anayekata mche wa sabuni. Kila kipande kina uso. Nakibandika kwenye punje, nabiringisha, natoboa, naoka. Basi.

Mtego ni mmoja tu. Mche una ncha mbili. Ukikata ncha ya kwanza, Mtoto yuko mkono wa kulia wa Mama yake, kama inavyotakiwa. Ukikata ncha ya pili, sura imegeuka kama ya kwenye kioo, na Mtoto yuko kushoto. Ndiyo maana ile ncha ya pili huwa naibandika udongo wa kijani, nisije nikasahau nikawatia mahujaji wazimu. Unawajua watu wa huku. Paroko akikosea mahubiri hawasemi kitu, lakini Mtoto akihama mkono, wanaandamana.

Mche niliotengeneza Kwaresima hii ni mkubwa kuliko yote. Upo kwenye chumba cha chini, nimeuviringisha kwenye karatasi ya kuokea. Utaishi kuliko mimi. Nikifa mtaendelea kunikata.

Dirishani tutakuja Pentekoste. Nasikia siku hizi wenzako wanaruhusiwa kutoka, yule Sista Gundula alikwenda kumzika kaka yake mpaka Passau. Sikwambii hivyo ili nikuombe. Nilishaomba. Nilikuwa na miaka kumi na saba, umeingia langoni na kisanduku chako, nikaliita jina lako mpaka kunguru wakaruka, na mama akanivuta kwa mkono mbele ya watu wote. Ulisikia. Hukutoka. Sawa, ulikuwa na Bwana wako. Ila mimi siiti mtu mara mbili.

Keki itakuja.

Burgi wako

*

Ellersried, 1 Julai 2004

Kwa Mama Abesi Roswitha,

Mimi ni Quirin Hölzl, mume wa Walburga, shemeji yake Sista Irmengard. Nilikuwa dereva wa lori la maziwa, barua si kazi yangu, nivumilie.

Mke wangu alipatwa na kiharusi wiki ile ya Sikukuu ya Ekaristi. Alikuwa anakata matawi ya mti wa birchi ya kupamba mlango kwa ajili ya maandamano, akakaa chini kwenye ngazi, hakuinuka. Sasa yuko nyumbani. Mkono wa kulia umekufa, mguu wa kulia unaburuzwa. Kichwani yuko vilevile na ulimi haujapungua makali, ila maneno yanatoka polepole. Daktari ameniita pembeni akaniambia kingine kinaweza kuja, na kikija si cha kupona.

Amenikataza nisimwambie dada yake. Nilimwuliza kwa nini, akasema, "Akiambiwa atakuja kwa sababu ameambiwa." Sikuelewa, nikauliza tena, akageukia ukutani. Nafikiri bado yuko pale langoni na miaka yake kumi na saba. Wewe unajua kisa hicho, watu wote wanakijua.

Shanga sasa nakata mimi. Yeye anakaa kitini na kunielekeza mpaka asinzie. Kidole gumba changu kiliwahi kuingia kwenye mkanda wa injini, kikabaki na kovu na hakina hisia, kwa hiyo sizijui vizuri hizi kazi ndogondogo. Lakini ameahidi shanga za hija ya tarehe kumi na tano Agosti na hataki kusikia kwamba hazitakuwepo.

Sikuombi ufanye kitu. Ilinibidi tu mtu mmoja ajue.

Quirin Hölzl

*

Monasteri ya Altenrain, 6 Julai 2004

Ndugu Quirin,

Nimesoma barua yako, na sijaiweka mahali ambapo Sista Irmengard ataiona. Siri uliyonikabidhi si yangu, sitaitoa.

Lakini nikwambie jambo moja, nawe ulitumie utakavyo. Mlango wetu si ule wa zamani. Mtawa ambaye ndugu yake ni mgonjwa hivyo ananiomba asubuhi, na mchana gari linamngoja nje. Sharti ni aombe mwenyewe. Siwezi kumtuma mtu kwa dada yake kama anayetumwa sokoni.

Kwa hiyo mkeo anamngoja asiyejua, na asiyejua hawezi kuomba. Mwambie mkeo maneno hayo kama unathubutu. Kila siku baada ya masifu ya asubuhi namtaja Walburga kwa jina, kimoyomoyo.

Roswitha, Abesi

*

Ellersried, 2 Agosti 2004

Dada Zenzi,

Usishtuke na mwandiko. Anayeandika ni Quirin, mimi nasema. Nilipanda ngazi kuchuma cheri, ngazi ikaniacha, nikaangukia kifundo cha mkono. Kimefungwa bandeji. Ndiyo maana Pentekoste tulikuja lakini sasa tumepotea. Ukiona herufi zimelala chini kama walevi ujue ni za huyu bwana, mimi naziona na sina la kufanya.

Shanga za hija hizi hapa. Zipange vizuri. Usiwape bure wale wanaolia kaunta, wengine wanalia kila mwaka.

Mwaka huu sitakuja siku ya hija kubarikisha fungu la majani. Quirin atabeba fungu langu. Mama alikuwa anaweka mbigili ya kifalme, lile ua refu la manjano, katikati, unakumbuka? Mimi naweka mpaka leo. Jana nilimtuma Quirin kuitafuta, akaniletea gugu la shambani lenye ua kubwa, ameridhika kabisa. Nimeliacha. Mungu atalibariki hilohilo.

Mimi ni mzima. Nasema hivyo kwa sababu najua utauliza.

Burgi wako
(na mwandishi wake)

*

Monasteri ya Altenrain, 19 Agosti 2004

Burgi,

Tumsifu Yesu Kristo, maana leo nahitaji utulivu kabla sijaanza.

Mtoto amehama mkono!

Nimecheka mpaka Sista Gundula akanipa maji, kwa hiyo usinune. Lakini hebu sikia. Nimeunga rozari nane, zimepelekwa dukani siku ya hija, na wa kwanza kuishika ni yule Bibi Ottilie Sporer wa kinu. Ameivaa miwani, ameivua, ameivaa tena. Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka sakristia kwamba huyu si Mama wa Chemchemi, huyu ni mama mwingine. Basi wote wakaja kutazama. Hakuna aliyenunua. Mmoja aliuliza kama sanamu ya kanisani ndiyo imekosewa miaka yote hii.

Nimezikata zote kutoka kwenye waya, nakurudishia punje zako ndani ya kopo hili. Wewe uliyeniandikia kurasa mbili juu ya ncha ya kijani! Bia ya mavuno imeanza mapema mwaka huu huko Ellersried, au? Na vipande vyenyewe vinene kama mkate wa mkulima. Kifundo cha mkono ni kifundo cha mkono, lakini macho je? Zeeka taratibu, mdogo wangu, mkubwa ni mimi.

Nitaniwe na nani kama si wewe? Nijibu haraka, na unitukane vizuri.

Zenzi wako

*

Ellersried, 27 Agosti 2004

Dada Zenzi,

Tumepokea kopo. Samahani kwa makosa. Nilikuwa na haraka. Hayatarudiwa. Hapa wote wazima, hali ya hewa ni nzuri.

Walburga

*

Monasteri ya Altenrain, 15 Oktoba 2004

Burgi, mdogo wangu,

Barua yako ya Agosti ilinikasirisha. Nakuambia ukweli. Nilikutania nikapata jibu kama la mtu wa posta, "Walburga", jina zima, kama hatukulala kitanda kimoja. Nikasema sawa, umenuna, mimi pia najua kununa. Nikanuna Septemba yote. Nikaenda mafungo ya kiroho nikiwa nimenuna, jambo ambalo nimeshaliungama.

Leo asubuhi nilikuwa natia kiraka aproni. Mfukoni, kwenye kona ya mshono, nikakuta punje moja. Iliponyoka siku ile nakata zile rozari. Nikaisogeza dirishani nimtazame Mtoto wake wa kushoto, nicheke tena. Ndipo nikageuza nyuma nikaona alama ya kidole. Wewe huachi alama. Unazifuta zote kwa pamba kabla ya kuoka, nazijua shanga zako, hazina mtu juu yake. Hii ilikuwa na kidole kipana, na katikati mstari wa kovu uliopita toka upande huu hadi ule.

Namwona shemeji mkono tu, Burgi. Mkono wenyewe naujua.

Nikakaa na punje hiyo mkononi na kila kitu kikajipanga. Vipande vinene. Ncha ya kijani. Herufi zilizolala. Barua isiyo na tusi hata moja. Hukuanguka kwenye ngazi ya cheri. Julai yote kulikuwa na mvua ya mawe, cheri zote za bonde hili ziliharibika, hata zetu. Sijui umepatwa na nini, na humu sijamwuliza mtu. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Abesi nikamwambia naomba kwenda kwa mdogo wangu. Hakuniuliza sababu. Akasema, "Nimekungoja tangu Julai," kisha akafungua droo akachukua ratiba ya mabasi.

Gari letu liko gereji na basi la kwenu lipo Alhamisi tu, kwa hiyo nakuja Alhamisi, kwa basi la saa nne asubuhi. Hakuna aliyeniita. Nataka ulijue hilo kabla sijafika.

Na kuna jambo jingine, sijapata kumwambia mtu, hata padre, kwa sababu sijui kama ni dhambi. Siku ile ulipoita langoni, nilikuwa sijaenda ndani. Mlango ulifungwa, Mama Abesi wa zamani akatangulia kwenye ujia, mimi nikabaki nyuma ya mlango. Mkono ulikuwa juu ya kitasa. Nilikusikia. Nikajisemea, akiita tena natoka. Nikangoja. Hukuita tena. Umri wote huu nimesema ni Mungu aliyekunyamazisha, nami nimemshukuru, na siku nyingine nimemlalamikia. Pengine ni mama tu aliyekuziba mdomo.

Sijutii maisha yangu humu. Lakini nilikungoja. Mmoja nyuma ya mlango, mwingine mbele yake, wote wawili wajinga.

Niwekee kiti karibu na chako, upande wa mkono unaofanya kazi.

Zenzi

*

Ellersried, 12 Novemba 2004

Shemeji Zenzi,

Siku ya mazishi kulikuwa na watu, na baada ya mazishi kulikuwa na kahawa na binamu zake wa Straubing, na kwenye gari nilipokurudisha ulikuwa kimya nami nikawa kimya. Kwa hiyo naandika. Sasa sina wa kunielekeza, utaona mwenyewe.

Barua yako ilifika Jumatatu. Alikuwa ameamka vizuri siku hiyo, amekunywa supu. Nilimsomea yote. Nilipofika penye kununa alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Kwenye kidole changu alinitazama, akatikisa kichwa. Aliposikia kwamba hukuitwa na mtu alifumba macho, nikadhani amesinzia, nikaacha kusoma. Akasema niendelee.

Ile sehemu ya mlango alitaka niisome mara mbili. Nikamsomea. Kisha akasema, na hii nakuandikia kama alivyosema, polepole hivyohivyo: "Mjinga yule. Ningeita mpaka asubuhi, kama ningejua."

Baadaye akaniambia nimchane nywele. Nikamwambia leo ni Jumatatu, Zenzi anakuja Alhamisi. Akasema nijizoeze, mimi ni mzito wa mkono. Kwa hiyo nilimchana Jumatatu, na Jumanne nikamchana tena, na akanipangia mahali pa kuweka kiti chako. Jumatano asubuhi nilikuwa naweka chai mezani, nikageuka kumwuliza sukari. Alikuwa ameshaondoka. Sikusikia kitu. Nilikuwa nimempa mgongo tu kidogo, natafuta kijiko.

Nilipopiga simu monasteri nilisema nataka Mama Abesi, nikaletewa wewe, ukauliza kama nitakuja kukupokea kituoni au utembee. Samahani kwa jinsi nilivyokwambia. Sikujua namna nyingine.

Sasa nina mambo ya kuungama kwako. Ile barua fupi ya mwisho wa Agosti niliitunga mimi. Kopo lilipofika niliona aibu, nikaificha barua yako, sikumsomea. Niliogopa akijua nimekosea atataka kukata mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Kwa hiyo ule utani wako hakuupata mpaka Oktoba, ulipoutaja tena wewe mwenyewe. Angekujibu kwa matusi mazuri sana. Mlipoteza Septemba kwa sababu yangu.

Ile ncha ya kijani niliibandua nikaitupa. Yeye alikuwa amesinzia. Nilidhani ni uchafu umegandia, nikajiambia nianze kukata hapo pachafu, ule upande safi nimwachie yeye atakapopona.

Na rozari niliyomviringishia mikononi ndani ya jeneza ni ya punje hizohizo ulizorudisha. Niliziunga mwenyewe kwa uzi wa kuvulia samaki. Shanga nzuri zilikuwa zimekwisha, zote ziko mikononi mwa watu. Uliiona. Nilikuona unaitazama, nikangoja useme kitu, hukusema. Bibi Ottilie Sporer alisogea kutazama akafungua mdomo, ukamtazama wewe, akaufunga. Kwa hilo nakushukuru, lakini niambie kama nimemzika vibaya.

Mche bado upo chini kwenye karatasi yake. Umebaki mrefu kama mkono wangu toka kiwiko. Sijui niufanyeje. Nikiutazama ncha naona uso, na uso ni kazi ya mikono yake.

Watu wananiuliza kwa nini uliita jina lake mara mbili pale kaburini. Nawaambia sijui. Paroko anasema ni huzuni. Mimi nafikiri si huzuni tu.

Quirin

*

Monasteri ya Altenrain
Jumamosi, 27 Novemba 2004

Shemeji Quirin,

Tumsifu Yesu Kristo. Kesho tunaanza Majilio na kalamu inafungwa mpaka Noeli, kwa hiyo nakuandikia leo, nikiwa bado nina ruhusa ya kusema.

Hukumzika vibaya. Nililitazama jeneza kwa muda, ni kweli. Nilikuwa natazama jinsi alivyozeeka, kwa sababu sikuwa nimemwona bila nondo katikati tangu tukiwa wasichana. Kisha nikaona zile punje, na Mtoto upande wa kushoto, na kilichonijia kichwani ni hiki. Dirishani mimi na Burgi tulikuwa tunakaa tukitazamana. Mkono wake wa kulia ulikuwa upande wangu wa kushoto. Hakuna aliyesema mmoja wetu amekosewa. Burgi sasa amekwenda ncha ile nyingine ya mche, na kwa huko ndivyo anavyowaona Mama na Mtoto wake, Mtoto akiwa upande huo. Sisi bado tuko ncha hii. Ottilie Sporer hatakubali, lakini Ottilie Sporer hajawahi kukubali kitu.

Mama yuleyule, Quirin. Aliyepangwa na mikono ileile.

Kuhusu Septemba, si wewe peke yako. Kununa nilinuna mwenyewe, hukunishika mkono. Ningeweza kuandika barua ya pili wakati wowote. Nilingoja aanze yeye. Ndivyo nilivyo, na ndivyo alivyokuwa yeye, na tazama tulipofika kwa hilo. Kilichobaki cha Septemba ile tukigawane, nusu yako nusu yangu, na usibebe cha kwangu.

Ule mche ukate. Usiuache ukauke kwa heshima, angekucheka. Kata ncha yoyote unayotaka. Vipande vikiwa vinene nitavipokea, na zile alama za kidole usizifute kwa pamba, ziache. Nitaziunga. Mama Abesi amekubali. Ameniambia za Mtoto wa kushoto zisiende dukani, tutawapa watu wanaokuja kuombea marehemu wao, na tutawaeleza. Ukimaliza mche njoo dirishani na keki, na safari hii usirudishe mkono haraka.

Kiti ulichoniwekea nilikaa. Hukuniona, ulikuwa unawapokea wale binamu wa Straubing. Kilikuwa upande wa kushoto wa kile cha kwake, karibu na dirisha la jikoni, na kitana kilikuwa bado juu ya meza. Nilikaa hapo mpaka kengele za kanisani zikaanza.

Umeniandikia kwamba watu wanauliza. Usiwaambie, lakini wewe ujue. Nilipofika pale mbele na lile tawi la maji ya baraka, nilimwita kwa sauti ndogo, kama mtawa anavyotakiwa. Nikasimama. Nikangoja kidogo, kama nilivyongoja nyuma ya mlango ule. Yeye naye hakuja, na alikuwa na haki. Kisha nikamwita tena, kwa sauti yote niliyo nayo, mpaka kunguru wakaruka. Mtu akipendwa huitwa mara ya pili.

Dada yako,
Zenzi